Mtoto Aliyeitikia Kabla ya Kuamkiwa

Ndiyo, mimi ni mstaafu. Msinikodolee macho. Najua kichwani sina unywele mweupe na mama yangu bado ananituma chumvi dukani, lakini kazi niliyokuwa nafanya imekwisha. Mradi umefungwa, gari lao lilishuka Same na halijapanda tena huku milimani. Mtu ambaye kazi yake imekwisha na hakufukuzwa, nyie mnamwitaje? Mstaafu. Tena mstaafu wa bure kabisa, hata keki sikukatiwa.

Nasikia wapo kati yenu wanaotaka kuanza kazi kama ile, kupita nyumba kwa nyumba kuwasaidia wazazi wenye watoto wa usonji. Vizuri. Kaeni niwaambie yaliyonikuta, maana nimebaki na hasira nyingi na sina pa kuzipeleka.

Kwanza muelewe ni watoto gani. Mtoto wa usonji anaipokea dunia kwa namna yake. Mwingine haongei. Mwingine anaongea kwa kurudia ulichosema wewe, neno kwa neno. Anaweza asikutazame, apange vitu mstari kutwa nzima, na mashine ya kusaga ikiunguruma aone kama anachomwa kisu. Huku kwetu, kabla hajaitwa wa usonji anakuwa ameshaitwa bubu, zuzu, mkorofi, ana mapepo. Halafu wakimaliza kwa mtoto wanahamia kwa mama. Alikula nini akiwa na mimba? Alimkosea nani? Kwao kukoje? Baba haulizwi kitu! Nimeingia nyumba nyingi na sijawahi kusikia baba anaulizwa alikula nini.

Mimi niliingia kwa mlango wa nyuma. Nilimaliza la saba nikanunuliwa pikipiki na mjomba, nikawa bodaboda hapo Same mjini. Abiria wangu wa kudumu akawa dada Upendo, yule aliyesomea mambo haya chuoni. Nilikuwa nampandisha milimani, nampeleka kwa wazazi, namsubiri nje. Na mkisubiri nje na pikipiki, hawa watoto wanakuja. Wanapenda tairi. Siku moja mtoto akakaa analizungusha la mbele, anacheka peke yake, na mimi nikakaa chini karibu naye nimenyamaza. Dada Upendo akatoka akanikuta.

"Zefa, nani kakufundisha kukaa hivyo?"

"Dada, mimi nalinda spoku zangu."

Akacheka. Wiki iliyofuata akanipeleka kwenye mafunzo. Nilivyotoka huko na fulana ya mradi nilijiona daktari bingwa. Nyumba ya kwanza nikamchukua mtoto nikacheza naye mwenyewe, nikamfundisha kupiga makofi, tukafurahi. Mama yake kakaa pembeni kwenye kigoda anatutazama kama tuko kwenye televisheni. Nikageuka nipongezwe. Dada Upendo kanuna.

"Umemaliza?"

"Nimemaliza, dada. Umeona alivyo—"

"Ukiwasha pikipiki yako ukaondoka, huyu mtoto anabaki na nani?"

"Na mama yake."

"Sasa mama yake kajifunza nini? Kukutazama wewe? Mikono nyuma, Zefa."

Hiyo "mikono nyuma" niliisikia mpaka nikaiota. Ndiyo kazi yenyewe hiyo, na ni ngumu kuliko kubeba gunia. Hufundishi mtoto. Unamfundisha mzazi, na mzazi ndiye anacheza na mtoto. Unaona kabisa kwamba mama anakosea, mikono inawasha, unataka kuingilia, na huruhusiwi. Unasubiri amalize, unamsifia alichopatia, halafu unamwambia kitu kimoja tu cha kujaribu tena. Kimoja. Ukimwambia vitano ukiondoka anakumbuka kwamba alikosea vitano.

Dada Upendo alikuwa na namna zake. Kaa chini, macho yako yawe sawa na ya mtoto. Angalia yeye anataka nini, usimletee unachotaka wewe. Sema kitu mara moja, halafu funga mdomo, ungoje. Hapo kwenye kungoja ndipo watu wote tunafeli. Sisi tukisema neno lisijibiwe tunalirudia kwa sauti kubwa zaidi, kama vile mtoto yuko mlima wa pili.

Na lugha! Karatasi za mradi zote za Kiswahili, basi akina mama wakadhani dawa ni Kiswahili. Shighatini nilimkuta mama anamsemesha mwanawe Kiswahili cha kusoma taarifa ya habari. "Mwanangu, huu ni mpira. Mpira ni wa duara." Mtoto hata hageuki. Dada Upendo akamuuliza, "Mama, huyu akisogelea moto unamwambiaje?" Mama akapiga ukelele wa Kigweno, na mtoto akageuka papo hapo. "Haya, ndiyo lugha yake hiyo. Ongea naye lugha unayomgombezea."

Vifaa navyo vilinitia aibu. Nilishuka tambarare kwa wafugaji na kikapu cha midoli na vitofali vya plastiki vya rangi. Nimevipanga vizuri kwenye mkeka, najiandaa kueleza, mbuzi akaja akaondoka na mdoli mdomoni. Mtoto akainuka akamfuata mbuzi. Mama yake ananitazama tu. "Hivyo ni vya nini?" Nikamwambia ni vya mtoto kuchezea. Akasema, "Mtoto ana mbuzi." Basi. Mafunzo yetu pale yakawa ya mbuzi. Kuita, kukamata, kuachia, kungoja zamu. Kikapu sikukirudisha tena tambarare.

Sasa nikikumbuka bwana mmoja wa ofisi ya mradi ndiyo nachemka. Alikuja na kamera kubwa, viatu vyake vinamwambia kabisa kwamba hapa si pake. Akataka picha ya mtoto anatabasamu na kuangalia kamera. Nikamwambia, bosi, tunaongelea watoto wa usonji, kutazamana ndiyo shida yao. Akasema, "Jitahidi basi, wafadhili wanataka kuona mabadiliko." Akampigia makofi mtoto wa watu puani, pa, pa, pa, "Angalia huku! Angalia huku!" Mtoto akaziba masikio akalia mpaka akatapika. Bwana akafunga kamera yake, akasema huyu bado hajaiva, tutafutieni mwingine. Kama ndizi!

Lakini niliahidi kuwaambia yaliyonikuta, na yaliyonikuta hasa ni ya Myamba.

Myamba ni kwenye tangawizi na baridi. Kuna mzee anaitwa Eliamani, mzee wa kanisa, shamba zuri la tangawizi, anaheshimika kuanzia sokoni mpaka madhabahuni. Mwanawe wa kiume yuko Dar anahangaika na maisha. Mwanawe huyo kamwacha mkewe hapo kwa wakwe, na mtoto wao anaitwa Yonazi. Yonazi alikuwa amebakiza muda mfupi tu aingie darasa la awali, na haongei. Haamkii mtu. Mnajua wenyewe huku kwetu. Mtoto anaweza akakosa viatu, akakosa daftari, watu wakavumilia, ila akipita mbele ya mtu mzima bila shikamoo, ukoo mzima umeaibika. Na mama yake ndiye anayeambiwa hana adabu, eti mtoto kafundishwa na nani?

Mama Yonazi alikuwa kimya, mdogo wa sauti, lakini kichwani moto. Nilimwonyesha kitu mara moja, wiki inayofuata nakuta kakiboresha. Yonazi alikuwa na tabia moja iliyomuudhi sana bibi yake. Akipewa makande anatenganisha. Mahindi huku, maharage kule, anapanga mstari, chakula kinapoa. Walikuwa wanamchapa vidole. Mama Yonazi akaacha kumchapa, akakaa chini naye, akaanza kutaja kwa Chasu, lugha yetu Wapare, kila anachokiweka, yaani hindi, haragwe, hindi, haragwe. Siku moja akashika haragwe mkononi, akanyamaza, akangoja. Yonazi akamshika mkono akauvuta. Kumwomba mtu kitu! Hakuwahi. Yule mama alinisimulia huku anafuta macho kwa kanga, na mimi nikajifanya nimeingiwa na moshi.

Halafu ikaja Jumapili. Ibada imekwisha, mzee Eliamani anarudi nyumbani na wageni watatu wanne wa kanisani, amevaa koti lake, anaongea kwa sauti ya mtu mwenye wageni. Nilikuwa hapo uani nachokonoa pikipiki. Yonazi kakaa mlangoni. Mzee akafika karibu. Yonazi, wala hamtazami, akatoa sauti kubwa, safi, inayosikika:

"Marahaba!"

Jamani. Mtoto ambaye hajawahi kusema neno. Mimi niliruka, nikapiga mbinja, nikagonga kichwa kwenye usukani. Kumbe niko peke yangu kwenye furaha. Wageni wameangua kicheko. Mmoja akasema, "Mzee, umechelewa kumwamkia mkubwa wako!" Mzee Eliamani kasimama uso umemkakamaa. Mjukuu kamwitikia marahaba mbele ya watu, kama vile yeye mzee ndiye aliyepiga magoti akasema shikamoo. Akampita mtoto, akaingia ndani, mlango ukafungwa.

Na haikuishia pale. Kila mzee akitokea sasa, Yonazi anaita "Marahaba!" Watoto wa jirani wakaligeuza mchezo, wanamleta kwa watu wazima ili aseme wacheke. Mimi nikajifanya mtaalamu. Nikamweleza mama Yonazi kwamba mtoto amelisikia hilo neno kwa babu yake, maana babu kutwa anaamkiwa anaitikia, basi akimwona babu anataja neno la babu. Tumfundishe shikamoo, atasahau marahaba. Nikachuchumaa pembeni yake naamkia kuku, naamkia nguzo, shikamoo, shikamoo, kama kasuku wa hotelini. Yonazi akaniacha nikiamkia nguzo, akaenda zake kupanga tangawizi.

Ndipo kesi ya ukoo ikaitishwa. Sisi Wapare mnatujua kwa kesi, lakini kesi ya mtoto kuitikia salamu sijawahi kuisikia wala sitaki kuisikia tena. Shangazi yake Yonazi, Nakiete, binti wa kwanza wa mzee, akapanda kutoka Mwanga. Nilivyofika pale barazani nikakuta begi. Begi la nguo za mtoto, limeshafungwa zipu, liko karibu na miguu ya shangazi. Kumbe hukumu imetoka kabla ya kesi.

Mzee Eliamani akaanza na mimi.

"Wewe kijana ndiye mwalimu wa mambo haya?"

"Shikamoo mzee. Mimi ni mwezeshaji."

"Marahaba. Mwezeshaji. Basi umemwezesha mjukuu wangu kunitukana mbele ya kanisa."

Watu wakaguna. Shangazi akachukua nafasi, na mimi simwiti mtu mbaya, aliongea kwa upole kabisa, ndiyo maana nikapandwa na hasira zaidi.

"Mimi nampenda huyu mtoto. Kwangu Mwanga nina chumba cha uani, kina dirisha, kina kitasa kwa nje. Atakula, ataoga. Hataenda barabarani kugongwa na malori, na hatamwaibisha baba. Mama yake abaki hapa asaidie shamba, atakuja kumwona akipata nafasi."

Kitasa kwa nje! Hakuna aliyeshtuka. Watu wakaitikia kwa vichwa, wengine wakasema Mungu akubariki. Nilitaka kusimama. Nilikuwa na maneno hapa kooni, ya Kiswahili na ya Chasu na mengine ya stendi. Nikaisikia sauti ya dada Upendo, na dada Upendo mwenyewe yuko Same anakunywa chai yake: mikono nyuma. Basi nikakalia mikono yangu, kweli kabisa, nikaiweka chini ya mapaja. Maana nikishinda mimi ile kesi, kesho naondoka, na mama Yonazi anabaki na watu walioshindwa.

Yonazi mwenyewe yuko katikati ya baraza, sakafuni, anapanga vipande vya tangawizi kuanzia kikubwa mpaka kidogo. Wanamjadili juu ya kichwa chake kama mfuko wa mbolea.

"Baba," akasema mama Yonazi. "Naomba niseme."

Shangazi akasema, "Wifi, wazee wanaongea."

"Nimesikia wifi. Nimeomba kwa baba."

Mzee akapunga mkono, kama kumwambia sema uishe.

"Baba, hili jina la Yonazi ni la nani?"

"Unaniuliza nini wewe? Ni la baba yangu, marehemu. Nani asiyejua?"

"Mwanangu alipozaliwa, wewe ulikuwa unamwitaje?"

Bibi, mke wa mzee, alikuwa kwenye kona anachambua maharage kwenye ungo. Mikono yake ikasimama.

"Ulikuwa unamwita baba," mama Yonazi akasema. "Kila asubuhi kabla hujaenda shamba ulikuwa unakuja mlangoni kwangu, unamwinamia nikiwa nimempakata, unamwambia, 'Shikamoo baba.' Kila asubuhi. Mpaka watu walipoanza kusema ana kasoro, ukaacha. Hukusema kitu, uliacha tu kupita mlangoni. Mimi niliona. Sasa mnasema mtoto anakutukana. Hakutukani, baba. Anakuitikia. Amechelewa tu."

Na mimi mtaalamu wa kuamkia nguzo nikajiona mjinga mpaka kwenye nyayo. Wadogo zangu, hapo sasa. Mimi nimekaa mafunzoni, nina fulana, nina maelezo, na jibu alikuwa nalo mama muda wote. Sikumuuliza. Mtu ameishi na mtoto tangu siku ya kwanza, halafu sisi tunampita tunaenda kufungua karatasi.

Bibi akasema kutoka kwenye kona, taratibu, "Ni kweli. Na aliyekuwa anamwitikia ni mimi. Nilikuwa nafanya kasauti kadogo. 'Marahaba.' Unakumbuka, baba Nakiete? Ulikuwa unacheka."

Mzee Eliamani akakaa. Kisha akainuka. Nikadhani anaondoka, na nadhani hata yeye alidhani anaondoka. Alifika katikati, akasimama mbele ya vile vipande vya tangawizi. Halafu akaanza kushuka. Goti la kwanza likalia, la pili likalia, akashika sakafu kwa mkono, koti lake likagusa vumbi. Akafika chini.

"Shikamoo baba."

Yonazi hakuinua kichwa. Akakichukua kipande kimoja cha tangawizi, akakiangalia.

Shangazi hakuweza kuvumilia. "Yonazi, sema mara—"

"Wifi," mama Yonazi akasema, "naomba unyamaze. Usimsemee."

Nilikuwa sijapata kusikia mke wa mtu anamnyamazisha wifi yake mbele ya wakwe, na nadhani hata kuku walishtuka. Shangazi akafunga mdomo. Mzee hakurudia neno. Kasema mara moja, kakaa pale chini, anangoja. Hakuna aliyemfundisha. Anangoja kama mtu aliyemwamkia baba yake na anajua baba atajibu akipenda yeye. Baridi inapita. Mtu akakohoa. Mimi vidole vimeshakufa ganzi huko chini.

Yonazi akakiweka kile kipande mahali pake, kwenye mstari.

"Marahaba," akasema.

Bibi akaficha uso kwenye ungo. Mzee akabaki palepale chini, anatazama tangawizi. "Ameniitikia," akasema, hakumwambia mtu.

"Lakini hakukutazama, baba," shangazi akasema.

"Hata baba yangu akiwa na kazi alikuwa hatazami mtu."

Watu wakacheka, kicheko cha kupumua. Shangazi hakucheka. "Kwa hiyo mimi nimepanda huku milimani kwa ajili gani?"

"Kwa ajili ya kunisalimia," mzee akasema. "Umenisalimia. Wahi gari, la mwisho la Same halisubiri mtu."

Nisiwadanganye. Haikuwa mwisho wa shida. Mwalimu wa awali alimkataa Yonazi mara ya kwanza, mzee akaenda shuleni na koti lake akaanzisha kesi nyingine. Wageni bado wanaguna. Mradi ukafungwa hata hatujamaliza nyumba za kijiji kile, na hakuna aliyetuambia kwa nini. Na bado nina hasira kwamba mtoto wa watu nusura afungiwe kitasa kwa nje kwa sababu ya salamu, na angefungiwa kwa baraka na maombi, na sisi sote tungerudi makwetu kula.

Lakini ile siku nilitoa mikono yangu chini ya mapaja nikainyoosha, na nikaona hili. Mama Yonazi hakumshukuru mtu, hakulia. Alilivuta lile begi kutoka miguuni kwa wifi yake, akavuta zipu, watu wote wanaangalia. Akatoa sweta la kijani. Akachuchumaa mbele ya mwanawe, akampitisha kichwa, akampitisha mkono mmoja. Halafu akaacha. Akanyamaza, akangoja. Yonazi akatafuta tafuta, akauingiza mkono wa pili mwenyewe. Sweta lilikuwa limegeuka, mbele nyuma. Hakuna aliyeligusa.